Pancha, Upepo na Mpira wa Kongo

Mimi ni Mkongomani wa Kisangani, ninasoma Kampala. Kila Jumamosi ninafanya kibarua cha kukata nyasi katika uwanja mmoja wa michezo, kwa mashine ile inayoendeshwa mtu akiwa amekaa juu yake. Mwezi wa kwanza nilipata pancha mara tatu, kwa sababu uzio wa uwanja ni wa miti ya miiba na matawi yake huanguka kwenye nyasi. Mara ya tatu msimamizi alinikata ujira wa siku nzima. Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye huko kwetu anaziba pancha za baiskeli za toleka. Akaniuliza: "Mpwa wangu, kabla ya kuwasha mashine umepima upepo? Umetembea uwanjani ukaokota miiba?" Sikuwa nimefanya hata moja. Ndipo nikataka kujua watu walianza lini kupambana na pancha.

Zamani pancha haikuwepo. Magurudumu yalikuwa ya mbao na chuma, baadaye yakavikwa mpira mzito usio na upepo ndani. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Scotland alipata hataza ya tairi la upepo, lakini halikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza yake baada ya kutengeneza matairi ya upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari ikawa laini, lakini pancha nazo zikaanza. Tairi lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu, hivyo kuziba tundu dogo kulichukua saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, walileta tairi linaloweza kuvuliwa na kurudishwa. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia akashinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi.

Kutoka hapo historia hii inafika kwetu. Baiskeli zilipoenea Ulaya na Marekani, mahitaji ya mpira yalipanda sana. Kongo wakati ule ilikuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema utomvu wa mitambaa ya mpira. Wasipofikisha kiasi kilichotakiwa, wake zao walishikwa mateka, watu walichapwa viboko, na wengine waliuawa au kukatwa mikono. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri huko mwaka 1903, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Shuleni nilisoma habari za Leopold, na nyumbani nilikua nikimwona mjomba akibandika viraka, lakini sikuwahi kuviunganisha vitu hivi viwili.

Baadaye mpira mwingi ulitoka katika mashamba ya Asia, na ufundi uliendelea. Mwaka 1947 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilitangaza tairi la gari lisilo na mpira wa ndani. Tairi la namna hiyo likichomwa na msumari hupoteza upepo polepole, halipasuki ghafla. Mashine nyingi za nyasi hutumia matairi kama hayo, tena kwa upepo mdogo, mara nyingi kati ya pauni 10 na 14 kwa inchi ya mraba, ili zisigandamize udongo. Upepo ukipungua zaidi ya hapo, ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukipiga kona. Wengine humimina ndani dawa ya majimaji inayoziba matundu madogo yenyewe, na wengine hufunga matairi yasiyo na upepo kabisa, kama yale ya zamani.

Kwa kumalizia, nimejifunza kwamba kuzuia pancha huanza kabla ya safari. Sasa nafika uwanjani nusu saa mapema, naokota miiba kando ya uzio na kupima upepo wa magurudumu yote manne. Tangu hapo nimepata pancha moja tu, na ujira wangu haujakatwa tena. Kuhusu wale waliogema mpira msituni, nilimsimulia mjomba habari zao kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akizungumzia mambo hayo, lakini watoto walikuwa hawamsikilizi. Likizo ijayo nitamwomba anieleze yote anayoyakumbuka.