Umri wa Picha za Pangoni

Huenda ukajiuliza, msomaji: picha ya mtu aliyeishi kabla ya maandishi kubuniwa, umri wake hujulikanaje?

Ikiwa imechorwa kwa makaa, shahidi ni mti uliotoa makaa hayo. Mti ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ya namna iitwayo kaboni 14. Mti ukifa, hauvuti tena. Na kaboni 14 iliyomo hupungua, nusu yake ikitoweka kila miaka 5,730. Njia ya kupima upungufu huo ilibuniwa na Willard Libby, Mmarekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu alianza kwa picha duni, akaendelea hatua kwa hatua hata akapata ustadi. Mwaka 1994 likagunduliwa pango la Chauvet, nchini Ufaransa, lenye picha nzuri ajabu za simba na vifaru. Makaa ya vifaru hao yalipopimwa, yalionekana kuwa na miaka zaidi ya 30,000. Imani ile ikatikisika.

Hata hivyo, makaa hutaja wakati mti ulipokufa, wala si siku mkono ulipochora. Mchoraji aweza kuokota makaa ya kale. Tena udongo mwekundu, kama ule wa picha nyingi za Kondoa, Tanzania, hauna shahidi huyo, kwani haukupata kuwa hai.

Basi, ukitajiwa umri wa picha, uliza kwanza: kilichopimwa ni nini?