Ni hori, si ghuba
Meli inapoingia Nærøyfjord, huko Norwei, milima husogea pande zote mbili. Mahali pembamba kabisa, maji hubaki na upana wa mita 250 hivi. Walioko sitahani hulazimika kuinua shingo ndipo waone vilele, na maporomoko ya maji yanatiririka mwambani.

Wapo wanaoandika kuwa hiyo ni ghuba. Sikubaliani nao. Ghuba ni pana, imeikumbatia bahari. Hapa ni bonde lililochongwa na barafu, kisha bahari ikalijaza. Nalo ni tawi tu la Sognefjord, inayopenya bara zaidi ya kilomita 200. Mkono wa bahari wa namna hiyo Kiswahili kinauita hori. Wahariri, naomba tulitumie neno hilo.