Wi-Fi inayokatika: Namna ya kutafuta chanzo katika ruta yenye programu huria

SIMU inaonyesha mistari yote ya mawimbi, lakini ukurasa haufunguki. Mwanafunzi aliyekuwa katika kipindi cha masomo ya mtandaoni anaondolewa ghafla, na baada ya dakika mbili mawasiliano yanarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika nyumba nyingi dawa ni moja: kuchomoa ruta kwenye umeme na kuichomeka tena.

Kwa mwenye ruta iliyowekewa programu huria ya OpenWrt badala ya ile ya kiwandani, dawa hiyo ina hasara yake. Daftari la matukio, ambamo ruta huandika yanayotokea ndani yake, kwa kawaida huhifadhiwa katika kumbukumbu ya muda. Ruta ikizimwa, daftari hufutika, na ushahidi wa kilichosababisha hitilafu hupotea nalo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kutafuta chanzo ni kutoizima.

Chimbuko la programu hizi

Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G. Mwaka uliofuata wataalamu wa kompyuta walibaini kwamba ndani yake ilitumia Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Msimbo huo ulitolewa mwaka 2003, ambao pia ndio mwaka Linksys iliponunuliwa na Cisco. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza, na DD-WRT ikafuata mwaka 2005.

Mwaka 2016 baadhi ya waandishi wa OpenWrt walijitenga na kuunda mradi wa LEDE, lakini pande hizo mbili ziliungana tena Januari 2018. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilianza kuuzwa ruta ya OpenWrt One, iliyobuniwa na mradi wenyewe kwa ushirikiano na taasisi ya Software Freedom Conservancy.

Faida kubwa ya programu hizi ni kwamba mmiliki huona mengi ambayo programu ya kiwandani humficha. Faida hiyo hupatikana kwa anayetafuta kwa utaratibu, akibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika alichobadilisha. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua lipi lilikuwa tatizo.

Waya au hewa?

Swali la kwanza ni iwapo tatizo liko kwenye Wi-Fi kweli. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, kisha itumiwe wakati ule ule ambao simu zinalalamika. Iwapo hata yenye kebo inakatika, Wi-Fi haina kosa. Chanzo kitafutwe kwenye modemu, kwenye laini ya mtoa huduma au katika ruta nzima.

Iwapo kebo iko salama, kipimo cha pili ni amri ya ping, ambayo hupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi itume ujumbe kwa ruta yenyewe, ambayo kwa kawaida hutumia anwani 192.168.1.1. Majibu yakirudi ndani ya milisekunde chache bila kupotea, njia ya hewani ni nzima. Yakiruka kutoka milisekunde 3 hadi 400, au mengine yasirudi kabisa, tatizo liko kati ya kifaa na ruta.

Ipo hali ya tatu inayowachanganya wengi: ruta inajibu upesi, lakini tovuti za nje huchelewa kila mtu mmoja nyumbani anapopakia video. Hapo Wi-Fi haikatiki, bali foleni ya data imekuwa ndefu mlangoni mwa laini ya intaneti. OpenWrt ina kifurushi cha SQM cha kupanga foleni hiyo. Mtumiaji hukiwekea kasi iliyo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, kisha hupima tena.

Daftari linasema nini

Ikithibitika kuwa kosa liko hewani, daftari lisomwe mara tu baada ya mawasiliano kukatika. Hupatikana kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, au kwa amri za logread na dmesg. Kwanza itazamwe saa ambazo ruta imekuwa hewani tangu iwashwe. Ikiwa ni dakika kumi tu na hakuna aliyeigusa, basi ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, na uchunguzi uhamie kwenye umeme, joto na kumbukumbu.

Si kila mstari wa kuondoka kwa kifaa ni dalili ya ugonjwa. Simu iliyolala huondolewa baada ya muda wa kutotumika, na hilo ni jambo la kawaida. La kuangaliwa ni kifaa kinachoondolewa kikiwa kazini. OpenWrt ina kipengele kiitwacho disassoc_low_ack, kinachomwondoa mtumiaji ambaye ruta imekosa majibu yake mara nyingi mfululizo. Kwa simu iliyo mbali, au kifaa chenye redio dhaifu, kipengele hicho chaweza kuwa ndicho kisu kinachokata. Kinaweza kuzimwa kwa majaribio, ingawa udhaifu wa mawimbi wenyewe utabaki.

Iwapo daftari linaonyesha kwamba programu ya ndani ya chipu ya redio imeanguka na kuanza upya, vifaa vyote huwa vimekatwa kwa pamoja. Katika hali hiyo kubadili chaneli hakutoshi.

Msongamano angani

Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5, ilhali mawimbi ya ruta moja hujaza takriban megahezi 20. Kwa hiyo chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kupandana ni 1, 6 na 11. Anayechagua chaneli ya 3 kwa kudhani amekimbia majirani huingiliana na wa chaneli ya 1 na wa chaneli ya 6. Anayetumia upana wa megahezi 40 katika mtaa wenye watu wengi huziba sehemu kubwa ya njia na kupokea makelele zaidi. Chaneli ya 13 huruhusiwa katika nchi nyingi, lakini simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda isiuone mtandao huo.

Yapo pia makelele yasiyotoka kwa jirani. Tanuri la maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jinsi vifaa vya USB 3.0 vinavyotoa makelele katika masafa hayo hayo. Diski iliyochomekwa kwenye ruta iondolewe kwa majaribio. Wi-Fi ikitulia, diski isogezwe mbali kwa kebo ndefu yenye kinga.

Rada na sheria ya masafa

Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, lakini chaneli za 52 hadi 144 huhusishwa na rada katika nchi nyingi. Ruta inayotaka kuzitumia hutakiwa kusikiliza kwanza kwa sekunde 60, na katika baadhi ya chaneli barani Ulaya kwa dakika 10, kabla ya kutangaza mtandao. Ikisikia rada, au kelele inayofanana na rada, huhama mara moja na kutorudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Anayeona mtandao wa gigahezi 5 ukitoweka na kurejea ajaribu chaneli za 36 hadi 48.

Wapo wanaoweka nchi isiyo yao katika mipangilio ili kuongeza nguvu ya redio. Ni kinyume cha sheria, na faida yake ni ndogo. Ruta ikipaza sauti, simu huisikia kwa mbali, lakini sauti ya simu haiongezeki, hivyo jibu halifiki.

Madhara nayo ni ya kweli. Mwaka 2009 mamlaka za Marekani zilibaini kuwa rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico, ilikuwa ikiingiliwa na redio za gigahezi 5. Rada ya aina hiyo huwaonya marubani juu ya upepo wa ghafla wakati wa kutua.

Umeme, joto na kumbukumbu

Adapta ya umeme huchakaa kabla ya ruta. Inapozeeka hushindwa kutoa mkondo wa kutosha pale redio zote mbili zinapofanya kazi, na ruta hujiwasha upya au redio hupotea. Kujaribu adapta nyingine yenye volti zile zile, na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ruta, ni kipimo rahisi. Ruta pia isifungiwe kabatini au kubebeshwa vitu vingine juu yake.

Tangu toleo la 21.02 la mwaka 2021, OpenWrt inahitaji angalau megabaiti 8 za hifadhi na megabaiti 64 za kumbukumbu. Hata ruta inayofikia kiwango hicho hulemewa ikiongezwa vifurushi vizito kama vile vya kuzuia matangazo. Kumbukumbu ikiisha, mfumo huua programu mojawapo ili kujiokoa. Ikiwa iliyouawa ndiyo inayoendesha Wi-Fi, mtandao hutoweka ilhali taa zinawaka.

Kiendeshi na toleo

Chipu ya redio huamua mengi. Viendeshi vya ath9k na mt76 vimeandikwa kwa uwazi na hutunzwa na jumuiya, ilhali chipu nyingi za Broadcom hazina kiendeshi huria kilicho kamili. Chipu za ath10k hutegemea programu ya ndani isiyo huria, yenye aina mbili: ya kawaida na iitwayo ct. Inapoanguka mara kwa mara, kuhamia aina ya pili ni jaribio lenye maana.

Vifaa vya zamani, hasa printa, navyo husumbuka pale ulinzi wa WPA2 na WPA3 unapochanganywa. Kifaa kimoja kikikatika peke yake, kiwekewe kwa muda mtandao wenye jina lingine na ulinzi wa WPA2 pekee.

Kabla ya kubadili toleo, mipangilio inakiliwe kwenye kompyuta, na faili lithibitishwe kuwa ni la modeli na toleo la ruta husika, kwani herufi moja ya tofauti yaweza kuiua. Kazi hiyo ifanywe kwa kebo, na umeme usikatwe hadi ikamilike. Mambo yakiharibika, ruta nyingi huweza kuwashwa kwa hali ya dharura kwa kubonyeza kitufe wakati zinaamka.

Kwa modeli zinazoruhusu, kipimo cha mwisho ni kurejesha programu ya kiwandani kwa siku chache. Hitilafu ikiendelea vile vile, chombo au mazingira yake ndiyo yenye kasoro. Ikitoweka, kuna kila sababu ya kushuku kiendeshi, na mmiliki anaweza kuwaandikia watunzaji wa mradi akitaja modeli, toleo, hatua alizopitia na mistari ya daftari aliyoinakili kabla ya kuizima ruta.