Neno "fire" katika misemo ya Kiingereza

"Fire" (hutamkwa "faya") ni neno la Kiingereza ambalo maana yake ya msingi ni moto. Ni neno la asili ya Kigermanik, lenye undugu na "Feuer" la Kijerumani na "vuur" la Kiholanzi. Hutumika kama nomino na pia kama kitenzi, na limeingia katika misemo mingi ya jikoni, vitani, kazini na katika siasa. Misemo hiyo huwapa shida wasemaji wa Kiswahili kwa sababu maana za "fire" na "moto" hukutana sehemu tu.

Mipaka ya maana

Katika Kiswahili "moto" si miali tu, ni joto pia: tunasema maji ya moto, chai ya moto, uji wa moto. Hapo Kiingereza hutumia "hot", wala hakitumii "fire" kamwe. Mwanafunzi anayetafsiri maji ya moto kuwa "fire water" ameandika kitu kingine kabisa, maana "firewater" ni jina la utani la pombe kali, mfano wa gongo.

Kwa upande wake Kiingereza kimelipeleka "fire" mahali pawili ambapo "moto" haujafika: kwenye mtutu wa bunduki na kwenye barua ya kufukuzwa kazi.

Maneno yanayoandamana nalo

Jambo la kwanza la kuangalia ni kuwepo au kutokuwepo kwa "a". Bila "a", neno linataja moto kwa jumla au hali ya kuwaka. "Catch fire" ni kushika moto, na hapa lugha zote mbili zimechagua picha ileile ya kushika. "The house is on fire" ni nyumba inawaka. Pakiwa na "a", huo ni moto mmoja maalumu, ama wa kupikia na kuota, ama wa ajali. Kwa hiyo "make a fire" au "light a fire" ni kukoka au kuwasha moto, na "a fire broke out" ni moto ulizuka.

Kutia nyumba moto kuna njia mbili za kusemwa: "set fire to the house" na "set the house on fire". Maana ni moja. Kosa la kawaida madarasani ni kuzichanganya na kupata "set fire on the house", ambayo si sahihi. Kuzima moto ni "put out" au "extinguish". Kwa kuwa Kiswahili huzima moto, taa na redio kwa kitenzi kimoja, wanafunzi wengi huandika "switch off the fire", lakini "switch off" ni ya vitu vya swichi tu.

Katika maneno ambatani, uhusiano wa "fire" na neno la pili hubadilikabadilika. "Firewood" ni kuni, "fireworks" ni fataki, "firefly" ni kimulimuli. Lakini "fire door" si mlango wa moto, bali ni mlango uliotengenezwa kuzuia moto usipite, na "fire exit" ni njia ya kutokea wakati wa hatari. Ndivyo ilivyo kwa "firewall". Neno hili lilianza kwa mafundi wa ujenzi, likiwa na maana ya ukuta imara unaozuia moto usienee kutoka sehemu moja ya jengo hadi nyingine. Wataalamu wa kompyuta walilichukua katika miaka ya 1980 kwa kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao. Tafsiri ya "ukuta wa moto" inageuza maana, kwani ukuta wenyewe hauwaki.

Hapa inafaa kutaja neno "inflammable", ingawa halina "fire" ndani yake, kwa sababu kulikosea ni hatari. Wengi hudhani "in-" ya mwanzo inakanusha, kama katika "incorrect", na hivyo kwamba kitu hicho hakiwaki. Sivyo. Linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na maana yake ni sawasawa na "flammable": kinachoshika moto kwa urahisi. Kisichoshika moto ni "non-flammable". Anayesoma maandishi kwenye pipa la kemikali au lori la mafuta hana nafasi ya kukosea hapo.

Bunduki na lawama

Kitenzi "to fire" chenye maana ya kufyatua kilitokana na silaha za zamani, ambazo zililipuka kwa kupelekewa moto kwenye baruti. Aliyeamuru kupiga alikuwa akiamuru moto uwekwe. Siku hizi hakuna anayeweka kibiriti kwenye bunduki, lakini neno limebaki. "Open fire" ni kuanza kufyatua risasi, wala si "kufungua moto". "Ceasefire" ni kusitisha mapigano. "Crossfire" ni risasi zinazotoka pande mbili, na "friendly fire" ni askari kupigwa na wenzao kwa bahati mbaya.

Gobore la kale limeacha misemo miwili zaidi. Lilikuwa na kisahani kidogo cha baruti ya kuwashia. Pengine baruti ya kisahani iliwaka na kumulika bila risasi kutoka, na hiyo ndiyo "flash in the pan", yaani mafanikio ya ghafla yasiyo na mwendelezo. Pengine risasi ilichelewa kutoka, nayo ndiyo "hang fire", yaani kusitasita.

Msemo unaowaponza zaidi wanaotafsiri habari ni "under fire". Askari aliye "under fire" anapigwa risasi kweli. Waziri aliye "under fire" mara nyingi anakosolewa tu. Anayeandika kwamba waziri ameshambuliwa kwa risasi, kumbe wabunge wamemshutumu juu ya bajeti, ametangaza shambulio ambalo halikutokea. Ni lazima kuangalia nani anayepiga na kwa sababu gani. Neno "over" au "for" likifuatwa na jambo la utendaji, kama matumizi ya fedha, kwa kawaida huonyesha lawama.

Kazini

"To fire somebody" ni kumfukuza kazi. Matumizi haya yalianza Marekani katika karne ya 19, na huelezwa kuwa ni mchezo wa maneno juu ya "discharge", ambalo humaanisha kuachisha kazi na pia kufyatua. Waingereza walikuwa na "sack" tangu zamani.

"Fired" hudokeza kwamba mhusika alikosa. Aliyepoteza kazi kwa sababu kampuni imepunguza watu au imefungwa anasema "I was laid off" au, kwa Kiingereza cha Uingereza, "I was made redundant". Mwombaji wa kazi anayeandika "I was fired" akikusudia kusema alipunguzwa amejishtaki mwenyewe bila kosa. Kiswahili kinazo tofauti hizo: kufukuzwa, kuachishwa, kupunguzwa. Mitaani nchini Kenya husemwa mtu "amepigwa kalamu", na nchini Tanzania, tangu mwaka 2015, kiongozi aliyeondolewa kwa kashfa "ametumbuliwa".

Methali na misemo inayolingana

Baadhi ya misemo hulingana karibu neno kwa neno. "Play with fire" ni kucheza na moto. "Fight fire with fire" ni dawa ya moto ni moto. "There is no smoke without fire" ni panapofuka moshi pana moto, na pengine lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mingine hubadili vyombo. "Out of the frying pan into the fire" humtoa mtu kikaangoni na kumtumbukiza motoni, lakini Mswahili wake ameruka majivu akakanyaga moto. "A burnt child dreads the fire" inatuhamisha kabisa kutoka jikoni: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"To have too many irons in the fire" ni msemo wa mhunzi aliyeweka vyuma vingi motoni akashindwa kuvifua vyote kabla havijaharibika. Huambiwa mtu mwenye shughuli nyingi kupita uwezo wake, na jibu letu ni mshika mawili moja humponyoka.

Katika michezo, "she is on fire" ni sifa. Tafsiri ya "anawaka" haifai, kwa sababu kwa Kiswahili aliyewaka amekasirika. Mchezaji wa namna hiyo huitwa moto wa kuotea mbali.