Mlipuko wa Mbali, Habari Zake Malindi

Katika karne ya 19, habari kutoka Tabora zilifika pwani kwa miguu ya wapagazi, baada ya miezi. Kati ya 1996 na 2002 habari za namna nyingine zilielekea pwani hiyohiyo. Setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliizunguka dunia karibu na ikweta, kimo cha kilomita 600 hivi, mzunguko mmoja kwa dakika 96. Kila mzunguko, ilipolifikia anga la Malindi, Kenya, kituo cha Waitaliano kilikuwa na dakika kumi tu hivi za kupokea yote iliyorekodi.

Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti hiyo ilinasa mlipuko wa miale ya gama uliodumu sekunde 80 hivi. Miale hiyo haipenyi angahewa. Ndiyo maana kipimo lazima kiwe angani. Ndani yake mna fuwele zinazomeremeta kila zigongwapo na mwale, na mimeremeto huhesabiwa kwa sekunde. Kamera ya eksirei ilionyesha upande ulikotokea. Saa nane baadaye setilaiti ikageuzwa, ikakuta eksirei bado zinafifia mahali palepale. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana, ingawa milipuko yenyewe ilinaswa kwa mara ya kwanza 1967.

Mlipuko wa 8 Mei mwaka huohuo ulimaliza ubishi wa miaka mingi kuhusu umbali wa milipuko hiyo: mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 6, ukitoka mbali kabisa nje ya galaksi yetu.