East of Eden Inarudi, na Safari Hii Mama Yuko Katikati

Pesa zangu za kwanza za video zilikuwa 12,000. Nilizitoa kwa M-Pesa, nikaziweka kwa bahasha, nikampelekea buda Jumapili baada ya chakula. Hakufungua hata. Aliisukuma ikarudi upande wangu wa meza, akasema nirudi chuo kwanza nimalize, mambo ya zawadi yatafuata.

Miezi kadhaa baadaye nikacheki East of Eden, ile filamu ya 1955 ya Elia Kazan, na manze karibu nizime laptop. Niko ndani.

Kama hujaiona (imepita miaka 70, usinililie eti nimekuharibia): ni 1917, bonde la Salinas, California. Mzee Adam Trask ana vijana wawili, Aron mzuri na Cal mbaya. Ni Kaini na Abeli waliohamishiwa shamba la Wazungu. Mzee amepoteza pesa akijaribu kusafirisha mboga kwa treni ikiwa na barafu. Cal anaona vita vitapandisha bei ya maharagwe, anaingia hiyo biashara, anarudisha karibu kila kitu mzee alipoteza. Siku ya kuzaliwa ya baba anampa. Baba anakataa, kwa sababu ni faida ya vita, na yeye ndiye anaandikisha vijana wa mtaa kwenda kufa. Skripti ilitaka James Dean ageuke aondoke. Badala yake alimwangukia mzee akilia, na Raymond Massey, aliyekuwa akiigiza baba, anaonekana kabisa hajui afanye nini. Kazan akaiacha hivyo hivyo. Dean alikufa kwa ajali ya gari Septemba 30 mwaka huo huo, akiwa na miaka 24, na tangu hapo filamu ikawa yake kabisa.

Sasa niulize swali ambalo mimi mwenyewe sikuuliza mara ya kwanza. Mtaji wa maharagwe ulitoka wapi?

Kwa mama. Kate, ambaye watoto waliambiwa alishakufa, yuko Monterey, si mbali, anaendesha danguro. Alimpiga baba yao risasi akaenda zake kwa sababu hakutaka kufungiwa shambani. Cal anaenda kwake, anaomba dola 5,000, anapewa. Jo Van Fleet anatokea mara chache tu, na ilikuwa filamu yake ya kwanza, lakini alibeba Oscar. Bado ukiuliza watu hii filamu ni ya nini, watakuambia ni ya baba na mtoto.

Kitabu cha John Steinbeck cha 1952 ni kikubwa, kinamfuata huyu mama tangu akiwa msichana anaitwa Cathy. Kazan alichukua sehemu ya mwisho tu, kwa hivyo Kate anaingia akiwa tayari ameharibika, bila jana. Runinga ilijaribu kumrudisha 1981, Jane Seymour akapata Golden Globe. Sasa ni zamu ya Netflix, na mwandishi ni Zoe Kazan, mjukuu wa Elia mwenyewe. Babu hakuwa mtu rahisi: 1952 alitaja majina ya wenzake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyosaka wakomunisti, na 1999 alipopewa Oscar ya heshima kuna mastaa walikataa kupiga makofi. Mjukuu anarudi kwa hadithi nzito, si filamu ya babu peke yake.

Cathy ni Florence Pugh. Kama ulimwona kwa Lady Macbeth ya 2016, unajua kwa nini siwezi kungoja. Pale ni bibi-arusi aliyenunuliwa pamoja na shamba, anaua watu, na kwa muda mrefu unajikuta uko upande wake, hadi unajishtukia.

Uoga wangu ni mmoja. Tamthilia za siku hizi zinapenda kueleza kila mwanamke mbaya: aliumizwa hapa, ndio maana akafanya vile, tumhurumie. Steinbeck naye alikosea kwa upande wa pili, alimfanya karibu jini. Kate wa Van Fleet hakuomba msamaha na hakuomba huruma. Ana pesa zake, mikono inamuuma, anamcheka mtoto wake, halafu anamkopesha. Natamani Pugh aachiwe hiyo.

Kuhusu ile bahasha yangu. Simu niliyorekodia hizo video alininunulia mathe, na pesa za zamu yake ya chama. Jumapili ile alikuwa jikoni, mlango uko wazi, alisikia kila neno. Hii stori nimeshaisimulia mara nyingi sana, kwa marafiki, hata kwa video moja, na kila mara ni ya mimi na buda. Sijawahi kumuuliza yeye alifikiria nini.

Ikitoka nitaiweka kwa runinga ya sebuleni, wakati mathe yuko.