Miguu ya Pikapu na Masikio ya Fundi

Magari 84 yaliondoka kwenye mbio za East African Safari mwaka 1963. Yaliyomaliza ni 7 tu, na lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 Bert Shankland wa Tanzania akashinda na gari la aina hiyohiyo, akarudia 1967, na mwaka uliofuata Nowicki na Cliff wakalitwaa tena kombe. Muuza magari hakuwa na haja ya kusema sana baada ya hapo.

Pikapu ya 404 ikaingia kazini: maziwa, kabichi, saruji, kisha watu. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, pikapu zenye mabenchi nyuma na turubai juu zilikuwa zimeshazoeleka barabarani. Zilijazwa hadi wengine wakaning'inia mlangoni. Na mzigo ule, kwenye barabara zile, ukaanza kutoa mlio ambao gereji nyingi hazikuuzoea.

Mafundi walikuwa wamekulia kwenye Land Rover na malori ya Bedford. Mbele kuna ekseli nzima, juu yake springi za majani. Majani yakikauka yanalia, pini zikilika zinagonga, na dawa inajulikana: grisi kwenye nipo (kitundu cha kuingizia grisi), oili chafu kwa brashi katikati ya majani. Mlio ukikoma, fundi ananawa mikono.

Peugeot haikuwa na hayo. Kila gurudumu la mbele lilisimama lenyewe kwenye mguu mmoja uliounganisha shokamzoba na springi ya mviringo, mtindo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Kichwa cha mguu huo kimeegemea mpira. Chini kuna bolijointi na bushi za mpira. Ukiwa na kopo la oili mkononi, pa kupaka hapaonekani. Wengi walipaka hivyohivyo. Bushi ikanyamaza siku chache, kisha ikavimba, ikalainika na kuchanika, maana oili ya petroli na mpira wa asili havipatani. Desturi hiyo bado haijafa. Dereva anayeona fundi akimimina oili kwenye bushi inayolia ajue anauziwa wiki moja ya ukimya.

Uhaba wa spea ulizidisha ubunifu. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na bushi halisi ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Tairi kuukuu likachongwa, likatobolewa, likapigwa mahali pake. Gari lilitembea, na si haki kuwacheka waliolitembeza. Lakini bushi ya kiwandani imegandishwa kwenye chuma chake, nayo hujipinda na kurudi kila mkono unaoshika gurudumu unapopanda na kushuka. Ile ya tairi huzunguka na kujisugua, kwa hiyo inalika upesi na kulia upya.

Ufundi wenyewe, kuanzia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, hadi Gerezani, Dar es Salaam, ulibaki kwenye sikio na kiganja. Kijana anakaa kwenye usukani, gari likiwa chini kwa uzito wake wote, anausukuma kidogo kushoto, kidogo kulia. Fundi amelala kwenye boksi lililopasuliwa, kiganja kimekumbatia tairodi. "Tena. Polepole." Kiungo kilicholegea kinagonga kiganjani kabla sikio halijakipata. Kisha anahamia kingine, kwa sababu mlio hukimbilia kwenye bodi, na dereva huapa unatoka kulia ilhali ubovu uko kushoto.

Halafu zikaja Toyota Hilux. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968. Ya kuvuta magurudumu yote manne, ya mwaka 1979, ilirudisha springi za majani mbele, na mafundi wa Land Rover wakajiona nyumbani. Haikudumu milele. Vizazi vilivyofuata vikaingiza mikono miwili kila upande, bolijointi juu na chini, na linki ndogo za stabilaiza. Viungo vikaongezeka, na mahali pa kugonga pia.

Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea hadi leo. Pikapu ikigonga "ko-ko-ko" kwenye vijishimo vidogo kwa mwendo mdogo, wenye magari wengi hukimbilia kununua shokamzoba. Mara nyingi mgonjwa ni linki ya stabilaiza au bushi zake, ambazo ni kati ya spea za bei ndogo pale mbele. Shokamzoba iliyokufa kwa kawaida hujionyesha kwa njia nyingine: gari linapita tuta, kisha linaendelea kunesa.

Kuna jambo moja ambalo enzi ya nipo haikuwahi kulidai sana. Boliti za mikono yenye bushi zilizogandishwa hazikazwi hadi mwisho gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Zikikazwa hivyo, bushi huanza kazi ikiwa imeshajipinda, na itachanika mapema. Kabla ya kulipa, mwombe fundi ashushe gari hadi likae kwa uzito wake, ndipo akaze kwa mara ya mwisho.